Majani Hayakuwemo

Septemba nilipokwenda kulipima shamba la Mpunguzi
mizabibu ilikuwa imepogolewa, imebaki vikonyo na waya,
safu kumi na nane, nguzo za zege, udongo mwekundu,
na Bi Sechelela Chidosa nyuma yangu na mwavuli wa jua:
"Krismasi nataka shamba liimbe bila mdomo."

Tukahesabu. Ndahani, fundi umeme, kashika ncha ya futi,
mimi naandika kwenye daftari lililolowa jasho:
balbu elfu mbili mia tatu na nne.
Kila moja nikaipa namba, ikaitika.

Usiku, Nzuguni, feni ikilalamika,
nikazipanda upya kwenye kioo cha kompyuta.
Hakuna aliyeniambia hili:
kabla ya taa ya kwanza, unachagua giza.
Niliweka jeusi tii, likawa kaburi.
Nikalififisha, nikatia bluu kidogo, nikatia vumbi;
giza la Dodoma lina rangi ya sufuria
iliyosuguliwa kwa mchanga.

Ngoma ilikuwa muheme, ya akina mama wa kwaya,
imerekodiwa kwa simu, na kuku mmoja ndani yake.
Programu yangu ilijua kuhesabu nne nne.
Muheme haukuwa na habari na nne.
Wiki mbili tukavutana,
taa zikilifikia pigo kama mgeni
anayekuta sahani zinaoshwa.
Mwisho nikaacha kuhesabu.
Nikagonga kidole mezani, pigo kwa pigo, dakika sita nzima,
na kidole hicho ndicho kilichoandikwa humo.
Kuku nilimwachia taa yake. Nyekundu. Safu ya tisa.

Umeme ulikatika mara ngapi, sikumbuki.
Luku iliisha mara ngapi, mwenye nyumba anakumbuka.

Novemba nikampelekea Bi Sechelela shamba linalocheza.
Aliishika simu mbali na uso, kasahau miwani,
akatazama hadi mwisho, akarudia.
"Ndilo hili," akasema. "Ndilo shamba langu."
Nami nikaamini. Kioo hakibishi.

Tarehe ishirini na moja Disemba mvua ilishanyesha mara tatu.
Nikashuka kwenye bodaboda, kompyuta mgongoni,
nikautafuta waya wangu nisiuone.
Majani.
Mapana kama viganja, juu ya kila namba.
Miezi mitatu nikikata sekunde vipande mia,
mizabibu nayo ilikuwa kazini.

Ndahani alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.
"Mtaalamu, katika hesabu zote hizo
mvua hukuipa hata kisehemu?"
"Tupogoe?" nikauliza.
Bi Sechelela akanitazama
kama nimeomba kumnyoa mtoto wa watu.
Zabibu zilishashika, punje za kijani, ngumu kama shanga.

Tukawasha hivyo hivyo.
Nyekundu zilizama. Bluu sijui zilikwenda wapi.
Nyeupe ndizo zilizopenya, na zilipopenya
hazikuwa nyeupe tena:
safu nzima iliwaka kijani kwa ndani,
mishipa ya jani moja moja ikaonekana,
na upepo ukipita, pigo linachelewa,
likirudi limekuja na mengine mawili
ambayo kidole changu hakikuyagonga.
Kwenye mabenchi, akina mama wa kwaya
wakaanza kuyajibu kwa mabega.

Kuku hakuonekana.
Safu ya tisa ilikuwa na majani kuliko zote.

Saa nane za usiku ule ule, Nzuguni,
niliifungua programu,
na kati ya Giza na Taa
nikaongeza kisanduku kipya: Majani.
Kikauliza, kiasi gani?
Kistari kinawaka, kinazima, kinawaka.
Nje mvua imeanza tena juu ya mabati,
na haihesabu nne.
Bado sijajibu.