Kauli ya Kutenda

Insha yangu ya kwanza ilifungua hivi: "Tangu enzi na enzi
binadamu amepigania haki yake."
Mwalimu Petryshyn akaikata kwa wino wa kijani,
pembeni akaandika: Nani? Lini? Barabara ipi?
Wewe, Luzviminda, ulikuwepo enzi na enzi?

Ni Jumanne, saa mbili usiku, Winnipeg,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nami nimetoka moja kwa moja kazini,
masikio yangu yangali na alama za vipokezi.
Kutwa nimewasomea watu maneno niliyopewa:
"Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."
Usumbufu hujitokeza wenyewe, kama upele.

Tuko kumi na mmoja. Desjarlais, fundi bomba,
husinzia ifikapo aya ya tatu.
Kitabu chetu cha kiada ni mji huuhuu,
mwaka wa kumi na tisa wa karne iliyopita, mwezi wa Mei.

Wanawake wa simu ndio waliotangulia.
Saa moja asubuhi wa zamu ya usiku
walichomoa nyaya, wakavaa kofia, wakatoka,
na wa zamu ya asubuhi hawakuingia.
Mji ukainua mkono wa simu, ukasema halo,
halo,
ukasikia pumzi yake wenyewe.

Hapo niliacha kunakili ubaoni.
Nilitazama vidole vyangu.

Maziwa na mkate viliachwa vipite.
Kila gari la farasi likabandikwa kadi:
Kwa idhini ya kamati ya mgomo.
"Maneno sita," akasema mwalimu. "Anayesema ni nani?
Anamwambia nani? Na mbona mabwana wa mji
walikasirishwa na karatasi
iliyompitishia mtoto maziwa?"
Tuliandika kurasa mbili juu ya maneno sita.
Desjarlais aliandika nne. Hakusinzia.

Kisha Juni, Jumamosi ile.
Niliandika: "Risasi zilifyatuliwa. Wanaume wawili waliuawa."
Alinirudishia bila alama.
"Zilifyatuliwa. Na mvua? Na nyota?
Hii kauli yako ya kutendwa ni funika kombe;
inua, tuone kilichomo."

Akatupeleka Barabara Kuu, penye tramu ya chuma
iliyoinamishwa kama inaanguka na haimalizi kuanguka.
Tuliandika kwa penseli, wino uliganda.
Desjarlais alivua glavu, akagusa chuma,
akaurudisha mkono haraka, akatukana kwa Kifaransa cha bibi yake.
Nikaandika:
Polisi wa farasi walifyatua risasi.
Waliwaua wanaume wawili.
Sentensi fupi. Mkono ulitetemeka,
sitasema ni baridi tu.

Magazeti ya siku zile yalisema: wageni ndio chanzo.
Ilinibidi ninukuu, kwa alama mbili kila upande,
kama mtu anayemshika panya kwa mkia,
mimi mgeni wa Iloilo,
kadi ya ukaazi ndani ya koti, upande wa moyo.

Hitimisho nililipamba. Nikasema umoja hushinda,
nikasema mbegu, nikasema alfajiri.
Wino wa kijani ukarudi:
Mgomo ulishindwa. Walirudi kazini vichwa chini,
wengine hawakurudishwa kabisa.
Usiwape ushindi ambao hawakuupata.
Waulize walipata nini.

Bado sijajibu. Insha ni ya Jumanne ijayo.
Leo, saa tano asubuhi, mteja alilia kwenye simu,
bima yake imekataliwa, anataka kujua na nani.
Karatasi yangu ilisema: "Ombi lako limekataliwa."
Nikatazama ile w, ndogo, imekaa mwishoni mwa neno
kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango, viatu vinaonekana.

"Kampuni imelikataa," nikasema. "Ghorofa ya tisa.
Andika jina."

Taa nyekundu ya msimamizi ikawaka.
Nikalitaja jina, herufi kwa herufi.