Pauni Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, Mamboleo.
Nimeegemeza baiskeli ukutani, nimefungua kofia ya valvu,
nabonyeza kwa ukucha: tssss.
"Unamwaga upepo," asema baba mlangoni,
kwa sauti ya mtu anayeona maziwa yakimwagwa.

Baba alibeba abiria miaka kumi na tisa,
Kondele, stesheni, Nyalenda, rudi Kondele,
kiti cha sponji nyuma, vishada vya plastiki vikipepea.
Tairi zake zilikuwa ngumu kama maneno ya mdai.
"Gonga," angeniambia, nami ningegonga kwa kifundo cha kidole,
na isipolia, tungerudi kwenye pampu,
yeye ameshika mpira, mimi naruka juu ya mpini
kwa uzito wote wa miaka minane.
Tairi laini ilikuwa aibu. Abiria angetazama chini,
angeshuka, angepanda ya Oduol.

Lakini lami ya Kondele siyo Miwani.
Ukishavuka reli, kokoto ni za ukubwa wa maharagwe,
mbele kidogo ni za viazi,
na trekta za miwa zimeifanya barabara mbavu tupu.
Mwaka jana nilizipanda na pauni sitini.
Kila ubavu ulinipiga begani.
Gurudumu lilikuwa hewani kuliko ardhini;
nikafika Chemelil wa pili kutoka mwisho,
vidole vimekufa ganzi, nikaomba mtoto anifungulie chupa.

Mwaka huu nimepima. Nimeandika
kwenye daftari la mayai, nyuma ya madeni ya Aprili:
upana milimita arobaini na mbili.
Mbele ishirini na nane. Nyuma thelathini na moja,
maana uzito wangu hukaa nyuma.
Mvua ikinyesha, punguza mbili.
Ikinyesha Kano, usipunguze kitu: shuka, beba.
Udongo mweusi haujui pauni,
unakula tairi, breki, kiatu,
unakurudishia baiskeli nzito
kama ndama aliyekataa kwenda mnadani.

Tena usizidishe. Abuya alishusha hadi kumi na nane,
akajiona anaelea, hadi mteremko wa Songhor:
jiwe moja, rimu ikalia kra,
dawa nyeupe ya kuziba ikamrukia miguuni.
Akatembea kilomita tisa akitukana kwa lugha tatu.

Baba anapiga goti, lile bovu.
Anabonyeza kwa kidole gumba chenye ufa mweusi
usiotoka hata kwa mafuta ya taa.
"Hii ni ya kusukumwa, siyo ya kupandwa."
Sijibu. Nampa usukani.
Uani kuna lundo la kokoto za choo ambacho hatujajenga;
analipita, polepole, na koti lake la kulalia.
Halimtikisi. Anageuka, analipita tena.
Kisha anashuka, anafuta kiti kwa mkono,
anauliza kama nimekunywa chai.

Kibos, kwenye utepe, watu wanahesabiwa.
Nabonyeza nyuma. Ngumu.
Naweka kipimo: thelathini na nane.
Nilipokuwa naoga. Na pampu ile ile, peke yake,
bila mtu wa kuruka juu ya mpini.

Nikatoa tano.
Mbili nikaziacha.