Hesabu ya Nati

Moja. Mbili. Tatu. Tatu na nusu,
nati ikagota
kama mgeni anayesema hapa mlangoni panatosha.

Hapatoshi, Obwaka.
Nilimwambia nikiwa nimepiga goti Barabara ya Kirinyaga,
oili ya jana ikininywea surualini,
yeye kasimama, funguo zikimcheza kidoleni.

Alikuja na kila kitu ndani ya buti:
rimu nne za inchi kumi na nane zimevishwa magazeti
kama vyombo vya bibi harusi,
spesa za milimita kumi
alizouziwa na mtu asiyemjua hata jina,
nati ndani ya pakiti ya maziwa.
Subaru ya buluu. Jumamosi dadake anaolewa Kitengela.
Nataka yatoke nje kidogo, akasema,
gari lisimame kama mtu aliyetanua mabega.

Kutanua mabega si dhambi.
Ila boliti za kiwandani zilikatwa kwa rimu ya kiwandani.
Ukitia chuma katikati, sahani ni ile ile
na walaji wameongezeka.
Uzi huu unataka mizunguko kumi, mimi nimehesabu mitatu na nusu.
Na katika nati zako, hizi tatu si za gari hili:
huingia mzunguko wa kwanza zikijifanya ndugu,
wa pili zinatafuna.

Jirani yangu Njagi, akasema, ananifungia kwa dakika kumi.

Kweli, atakufungia.

Sikutaka kumsimulia, nikamsimulia.
Mteremko wa Pangani, saa mbili usiku,
gurudumu likalipita gari lake lenyewe,
polepole, bila kelele,
kama lina safari yake na limechoka kusubiri.
Hakuna aliyeumia.
Kibanda cha mahindi tu, na usingizi wangu.
Nati zile nilizikaza mimi.

Funguo zikaacha kucheza.
Kasyoka, mwanafunzi wangu, akajifanya anatafuta jeki.
Hizo boliti ndefu, akauliza Obwaka, ni ngapi?

Basi tukazing'oa fupi, tukazisindika ndefu,
Kasyoka akasugua kutu kwa brashi ya waya
mpaka uso wa chuma ukakubali kulaliwa na chuma,
maana chembe moja ya kutu chini ya spesa
ni uongo mdogo: leo hauonekani,
kesho unatikisa usukani.
Pete ya katikati ikakaa. Nati zenye mdomo wa pia
zikapata mashimo yenye umbo lao.
Nikazianza kwa vidole. Kwa vidole, Kasyoka!
Bunduki ya upepo iache ukutani,
haina masikio.
Kidole kinajua uzi unapokataa.

Saba. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja, ikagota.
Hapo sasa mgeni kaingia, kavua viatu.

Nikaruka moja, nikakaza; nikaruka moja, nikakaza,
kama mtoto anayechora nyota bila kuinua kalamu.
Jeki chini, uzito wa gari juu ya lami,
nikachukua spana ya kipimo
nikangoja ile sauti: tik.
Sikuongeza nguvu juu ya tik.
Kuna mafundi huongeza, eti kwa usalama,
na boliti hunyooka ndani kwa ndani kimya kimya.
Tukazungusha usukani hadi mwisho, kushoto, kulia:
tairi halikugusa madigadi.

Kilomita mia, nikamwambia, halafu urudi.
Bure. Sikutozi.
Wengi hawarudi.

Jumanne akaja, vumbi la Kitengela hadi vioo,
utepe mweupe umenasa kwenye bampa.
Harusi ilikuwaje? Dada alilia, mvua ilikaribia ikaghairi.
Nikapiga goti. Nati ishirini.
Tik, tik, tik, karibu zote zikaitika papo hapo.
Ya nyuma kushoto, ya nne,
ikasogea kwanza.
Robo mzunguko, pengine pungufu. Kisha tik.

Tukatazamana.
Hakusema kitu, nami sikusema.
Kasyoka akalamba ncha ya penseli,
akaiandika robo hiyo daftarini.