Ufunguo wa Pihlamäe

Mchungaji Aadu Tarvis alinikabidhi kanisa siku ya Jumanne,
theluji ikitufika magotini, bila hotuba.
"Kitasa kinakwama," alisema. "Kisukume kwa bega, ndipo uzungushe."
Miaka arobaini na sita ya utumishi, na wosia ndio huo.

Nilitarajia siri.
Nilikwisha kuona wachungaji wakianguka Estonia hii ndogo:
mmoja kwa fedha, mmoja kwa kitanda kisicho chake,
na mmoja, huyo ndiye aliyenitisha, hakuanguka kabisa.
Alikauka wima mimbarani
akahubiri miaka kumi zaidi, sauti tupu, ndani hamna mtu.
Nikamwuliza mzee: wewe ulinusurikaje?
Akaniomba nishike upande wa pili wa msumeno.
Tukapasua kuni mpaka giza, saa tisa na nusu alasiri.

Basi nimemjua kwa vipande.

Kwa daftari la hesabu, ukurasa uliovimba kwa unyevu:
*Nimechukua kutoka mfuko wa kinanda. Sikuomba ruhusa.
Dawa ya Helju. Nitatangaza Jumapili.*
Chini yake, wino mwingine, mkono wa mhazini:
*Ametangaza. Amelipa. Hatukuimba siku hiyo.*

Kwa hadithi ya maofisa wawili na karatasi ya kutia sahihi,
taarifa kidogo tu juu ya waumini wake,
na parokia ya mjini, yenye joto la mabomba.
Watu husimulia kwamba alisimama kama mwamba.
Yeye husema: "Nilitoka nje, nikatapika nyuma ya ghala,
nikarudi, nikakataa. Magoti yalinicheza."
Na waliposifu, alichukua ufagio akaenda kusafisha choo.
Alijua mgema akisifiwa.

Kwa Säde, binti wa muuza maziwa, asiyesikia.
Mzee alikuwa na miaka sabini na moja, vidole vimekakamaa,
akaanza kujifunza lugha ya ishara kutoka mwanzo, kama mtoto wa chekechea.
Baraka yake ya kwanza ilimwambia msichana
kwamba Mungu ni kabichi.
Säde alicheka hadi akakaa chini.
Jumapili iliyofuata alikuja na mama yake,
na mama yake hakuwa amekanyaga kanisani miaka tisa.

Lakini zaidi ya vyote, kwa Leida Otsmaa,
mshona viatu, mjane, ulimi kama sindano yake.
Kila Alhamisi alikaa jikoni kwa mchungaji
akauliza maswali ambayo askofu hakuyathubutu:
Ulisali, au ulipanga maneno?
Nani umemwonea wiki hii?
Ni jambo gani unaomba nisikuulize?
"Kwa hilo la mwisho alinifukuza mara moja," Leida aliniambia.
"Alhamisi iliyofuata nikakuta chai mezani. Vikombe viwili."

Sasa mzee huketi benchi la nyuma, upande wa upepo.
Nimehamisha meza ya ushirika. Kimya.
Nimefupisha liturujia. Kimya.
Nikahubiri vibaya juu ya mwana mpotevu, vibaya sana,
naye akanishika mkono mlangoni, akauliza kama kuni zinatosha.
Nilidhani kukaa miaka yote hiyo ndiyo kazi ngumu.
Kumbe kuna kuondoka
na bado kuja kila Jumapili.

Fundi alitaka kunibadilishia kitasa. Nikamwambia asubiri.
Kila asubuhi bega langu linaumia kidogo,
na mlango unanijulisha kwamba nyumba hii si yangu.

Juzi nilipanda kwa Leida. Ana miaka themanini na minane.
Nilimwomba aje Alhamisi.
"Umechelewa miezi minne," akasema, tayari anatafuta buti zake.

Nikachemsha maji. Akauliza la kwanza, akauliza la pili.
Akauliza la tatu.
Nje theluji ilidondoka kutoka paani, kishindo kimoja.
Nikakishika kikombe kwa mikono yote miwili.
Nikaanza.