Milia Saba

Leo tena masizi yameingia dirishani.
Ng'ambo ya mto wanachoma miwa kabla ya kuikata,
na majivu yake, membamba kama nyusi,
yanatafuta sahani zangu za kuoteshea bakteria.
Nafunika. Nafuta meza kwa spiriti.
Hapa Piracicaba hata vumbi lilikuwa sukari jana.

Zuleide alikuja Jumanne, panga kaliacha kwa jirani,
viganja vimeota sugu mpaka kalamu ikamponyoka.
Mtoto, Jandira, miaka minne,
meno manne ya mbele yamebaki visiki vya kahawia.
Akakaza midomo. Nikapuliza glovu, ikawa kuku.
Akacheka,
na kicheko kabla hakijafunga mlango
nikapitisha kijiti cha pamba.

"Wewe pia," nikamwambia mama.
"Mimi? Mimi siye niliyemzaa."
Alisema kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Alimpokea wa miezi sita, fizi tupu,
kwa mwanamke aliyekwenda kuchuma machungwa
msimu mmoja tu, alisema.
Misimu imepita.

Profesa Euripedes akaisoma fomu, akavua miwani:
"Jozi hii haitufai. Tunapima mama na mwana."
Akapiga mstari juu ya arobaini na moja.
Mirija miwili nikairudisha kwenye friji,
nyuma ya mingine, kama anayeficha kipande cha nyama.

Usiku nikawapasua wale wadudu,
vishanga vilivyotungwa uzi mmoja,
vinavyokula sukari na kukojoa tindikali.
Nikatoa uzi ulio ndani ya uzi,
nikaukata kwa kimeng'enya, nikaumwaga kwenye jeli,
nikawasha umeme.
Vipande vidogo vikatangulia,
vikubwa vikajikokota kama wazee wa maandamano.
Asubuhi, chini ya taa ya zambarau:
milia saba ya Jandira.
Wa tatu mnene. Wa sita hafifu, kama aliyechelewa kufika.
Milia saba ya Zuleide.
Wa tatu mnene. Wa sita hafifu.

Nikarudia. Nikarudia tena,
kwa maana jicho lina tabia ya kuona linachotamani.

Damu nzito kuliko maji, ndivyo tulivyofundishwa.
Juu ya mate hakuna aliyetuambia neno.

Waliporudi nililazimika kusema.
Nikasema kijiko: uji ulioonja kwanza usije ukamchoma.
Nikasema chuchu ya mpira iliyoanguka kambini,
ukaisafisha kwa ulimi, bomba liko mbali.
Nikasema chupa ya maji ya miwa, ile ya kumlaza.
Nikasema polepole, na bado yalikuwa mawe.

"Kwa hiyo nimemwozesha mimi."

Sikuwa na jibu lililokuwa kweli na laini kwa pamoja.
Nikamwonyesha picha.
Akaweka kidole chenye sugu: "Huu wake?"
Wake.
"Huu wangu?"
Wako.
Akahesabu kwa sauti ya chini, mara mbili,
kama mtu anayehesabu mshahara mbele ya msimamizi.

"Nipe nakala. Yule karani wa vizazi
kila nikienda huniuliza nina nini cha kuonyesha."
Nikamweleza: hii haithibitishi uzazi, Zuleide.
Karani ataitupa. Yeyote aliyekula naye
kijiko kimoja, siku baada ya siku,
angeweza kumwachia milia hii.

"Haya," akasema. "Ni nani mwingine aliyekula naye?"

Nikampa nakala.
Nikampa miswaki miwili, dawa ya floridi,
na miadi ya kung'oa, Alhamisi saa mbili.
Miswaki akaitia mfukoni. Picha akaitia kifuani.

Kwenye daftari, arobaini na moja bado ina mstari wake.
Jandira alidai kuku mwingine, nikampulizia,
akashuka naye ngazi amemkumbatia,
kuku akipungua upepo kidogo kidogo.