Gari la Milango Miwili

Shangazi Aikande kanituma nimtafutie bei.
Si bei ya mabati, si ya miche ya kahawa,
si ya ng'ombe wa maziwa kama walivyoamua ndugu
kwenye kikao ambacho hakukiitisha yeye.
Anataka gari la spoti, jipya, la milango miwili,
lenye nailoni kwenye viti, isiyobanduliwa na mtu.
Jekundu. "Si la damu," akanionya, "damu nimeiona.
Jekundu la buni iliyoiva."

Miaka thelathini na minne zamu za usiku, Mawenzi,
akiinamia vitanda vya watu,
ndipo wakampa fedha na kuziita kiinua mgongo.
"Basi nimeuinua," anasema. "Sasa nataka kuulaza
kwenye kile kiti cha chini kinachokumbatia mbavu."

Nimekaa Kiusa, juu ya duka la vipuri,
na kaunta buku, na simu yenye kioo kilichopasuka,
naipigia nchi moja baada ya nyingine
kama mtu anayeuliza mgonjwa wake kalazwa wodi gani.

Nairobi wanalo. Moja tu. La kijivu.
Dada wa mapokezi ananitajia bei kwa shilingi,
nami nashangilia nusu dakika nzima
mpaka nakumbuka hizi shilingi ni majina tu yamefanana:
yao moja imebeba karibu ishirini za kwetu mgongoni.

Kampala hawana, ila wana mtu anayemjua mtu.
Bei yake nzuri, nimeipigia mstari;
kando ya mstari nimeweka alama ya kuuliza,
na alama imenenepa kila nilipoirudia.

Kigali wanalo, jekundu lile lile,
lakini usukani uko kushoto,
maana kwao barabara hushikwa kulia.
Nikamweleza shangazi. Akacheka hadi akakohoa:
"Nimeishi miaka ishirini na mwanamume
aliyekaa upande usio wake. Tafuta kwingine."

Lusaka: miezi saba, meli isipochelewa.
Dar es Salaam: "Tunaagiza, kaka,"
neno lisilo na tarehe.

Mwisho nikampigia Kirumbuyo, wakala wa forodha, Holili.
Akanisomea kodi taratibu, moja moja,
kama msharika anayesoma majina ya marehemu ibadani.
Nilipojumlisha, nikaona gari limezaa:
moja la shangazi, moja la serikali,
na la serikali ndilo hutangulia kulipiwa.

Na kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja.
Kutoka tumbo la gari hadi ardhini
ni vidole vinne. Nimepima kwenye picha.
Njia ya kupandia kwake Uru
ina mawe yanayotoboa hata soli za viatu.

Jumamosi nikapanda kumwambia aache.
Baada ya daraja nikakuta jiwe limepakwa chokaa.
Mbele, jingine. Kwenye kona, matatu.
Halafu nikasikia mitaimbo,
na vijana, na akina mama wenye karai za kifusi,
na shangazi katikati yao, amevaa buti za mvua,
ameshika kijiti alichokikata kipimo cha vidole vinne,
anakipitisha juu ya kila jiwe.
Ameitisha msaragambo.
Walidhani ni kwa ajili ya gari la wagonjwa.
"Na lenyewe litapita," akasema. "Sijamdanganya mtu."

Akajifuta mikono. "Umepata?"

Nikafungua daftari, nikasoma nchi zote,
nikaishia Nairobi, kwa lile moja la kijivu.
Akatazama juu, Kibo kulikojifunika.
"Kijivu cha namna gani?
Cha wingu, au cha blanketi la wodini?"

Nikapiga simu palepale, juu ya kifusi.
Dada wa Nairobi alinyamaza kidogo.
Kisha nikasikia viatu vyake
vikienda kulitazama.