Kiki ya Mguu

Umeme umekatika Chumbageni, kompresa ya Singano imenyamaza,
na tyubu yangu imelala kwenye karai la maji
kama mtoto anayeogeshwa bila ridhaa yake.
Tuko watatu kwenye benchi. Hakuna anayeharakishwa.

Aliyeanza ni Mhina, na Mhina akianza hana breki.
"Yangu ilikuwa Suzuki mia, nyekundu!
Niliinunua kwa karani wa shamba la mkonge, Pongwe,
ambaye mkewe alimwambia: chagua."
Karani akachagua mke. Mhina akapata pikipiki.

Siku hizi kiki ni ya kwenye simu, anasema,
mtu anaisaka ajulikane.
Yetu ilikuwa ya mguu.
Unakanyaga mara tatu, ya nne inakurudishia, ugoko unachubuka,
ya tano inakohoa, jirani anafunga dirisha,
ndipo inakubali,
na moshi wa buluu unajaa ua mzima wa mama mwenye nyumba.
"Nikiunusa leo ule moshi, nalia."
Tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Sista Perpetua, mkunga mstaafu,
alikuwa na Honda hamsini ya zahanati.
Haikuwa yake, ila nani angethubutu kumwomba?
Maramba hadi Daluni, masika,
mizani ya watoto imefungwa nyuma kwa mpira.
Usiku mmoja ilimlalia mguu kwenye tope,
akaisemesha kama mzazi: tulia, mama, vuta pumzi.
Alifika anachechemea. Mtoto akatoka salama,
wakamwita Honda mpaka alipoandikishwa shule.

Kisha mimi. Yangu Yamaha,
tangi limebonyea kwa umbo la goti la mtu mwingine;
goti langu lilichukua miezi kuenea pale.
Nilimpakia Zawadieli, hatujaoana bado.
Alikaa upande, kashika siti, hakunishika mimi.
Kulikuwa na tuta karibu na Bombo.
Nilikuwa nalijua. Sikulikwepa.

Niliiuza kwa mabati ishirini na mawili.
Sijaachana nayo, niliwaambia, nalala chini yake:
mvua ikianza usiku naisikia juu ya kichwa,
inapiga silensa, inapanda mlima, haifiki.

"Na wewe, Singano?"

Alikuwa anakwangua tyubu kwa msasa, hakuinua uso.
"Mhina, yako haikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya chungwa.
Nyekundu nilipaka mimi, ulipogonga ng'ombe wa watu.
Sista, ile Honda ilikuzimikia milimani kwa sababu ya plagi;
nilikwambia, ukasema Mungu yupo.
Na wewe Kiondo..."
Akapaka gundi. Akaipuliza.
"Mkeo alikuja hapa, siku moja kabla hujaiuza.
Akaniomba nikuambie injini imekufa, hakuna atakayeitaka.
Nikamjibu, mimi fundi, si mwongo."

Benchi zima kimya.
"Sijawahi kuwa na ya kwangu," akasema baadaye,
kana kwamba swali lilikuwa limetoka muda uleule.
"Ila zote nilizijaribu, mpaka kona ile na kurudi.
Lazima ujaribu. Ndiyo kazi."

Umeme ukarudi, kompresa ikashtuka, tairi likajaa.
Boksa yangu inawashwa kwa kidole gumba;
niliiwasha, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kidogo.

Nyumbani sikumuuliza kitu.
Alikuwa anachambua mchele barazani,
wingu limejijenga upande wa Muheza.
Nikavua viatu, nikakaa.
Tone la kwanza likagonga bati, la pili, kisha mengi,
mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Gia ya kwanza hiyo," akasema,
akaendelea kutoa mawe.